Nywele za Jumamosi

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla hata ya kuvaa soksi, Daktari Évariste Kyoni alifungua simu kutazama namba moja. Wanaume wengine wa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, huamka na matokeo ya mpira. Yeye aliamka na hamu ya kujua ni watu wangapi duniani wamemtaja. Si kumtaja kwa mdomo, maana hilo mkewe alilifanya bure mara ishirini kwa siku. Alitaka kutajwa katika makala za kisayansi. Mkemia akiandika makala, mkemia mwingine akaiweka kwenye orodha ya marejeo yake, namba inapanda moja. Hivyo ndivyo wasomi wanavyopimana siku hizi, na ukiwacheka wanakasirika.

Makala zake zilikuwa kumi na moja. Kumi kati ya hizo, ukizijumlisha zote, zilitajwa mara kumi na tisa, na mara nne katika hizo alikuwa amejitaja mwenyewe, jambo ambalo wasomi wengi hulifanya wakiangalia pembeni. Lakini ile ya kumi na moja! Ile ilikuwa imetajwa mara sitini na tatu, na ilihusu nywele.

Johannesburg imekaa juu ya mashimo ya migodi ya zamani, na maji yanayopanda kutoka humo ni makali, yamejaa shaba, madini ya risasi na vitu vingine ambavyo tumbo la mtu halivitaki. Nywele za binadamu zina tabia ya kuyashika madini hayo. Unaziloweka, zinayanasa, maji yanatoka yakiwa na nafuu. Na nywele Évariste alizipata bila jasho, kwa kuwa mkewe Victorine ana saluni yake pale barabarani, kati ya duka la mikate la Mreno na fundi wa simu. Kila Jumamosi jioni, saluni ikifungwa, Évariste aliingia na mfuko mtupu wa unga, akapiga magoti katika shati lake la kazini, akazoa.

Alizoa kwa uangalifu mkubwa, mtu asije akamsingizia. Sakafu ya saluni ina nywele za watu na ina nywele za plastiki zinazosukwa kichwani, zile mèches za wasusi, na plastiki haina faida kwenye utafiti wake. Kwa hiyo alikuwa na kiberiti cha gesi. Shungi akilitilia shaka, alilichoma ncha. Likinuka kama kwato, ni la mtu. Likiyeyuka, ni la dukani. Aliona fahari sana juu ya kiberiti hicho. Na katika ukurasa wa pili wa makala aliandika kwa Kiingereza safi kwamba alitumia nywele za binadamu zisizotiwa dawa ya aina yoyote.

Sentensi hiyo muikumbuke.

Chuoni, Évariste alikuwa mtu wa mkataba. Mwaka mmoja mmoja, kwa miaka sita. Kila Desemba alisubiri barua, na kila Desemba Victorine alifunga kula siku tatu kwa ajili ya barua hiyo. Sasa nafasi ya kudumu ilikuwa imetangazwa katika idara yake, na usaili wake ulikuwa Alhamisi. Tangu aondoke kwao Lubumbashi, Kongo, hakuna kitu alichokitaka kama nafasi ile. Hata kanisani kwao, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu mjini, mchungaji alisimamisha watu wote waiombee namba ya Papa Évariste ifike sitini na tano. Wengi waliomba kwa machozi. Baadhi yao walidhani ni namba ya shinikizo la damu, kwa kuwa daktari wao walimjua kama daktari, na mara kwa mara walimletea magoti yao awatazamie.

Binti yake Gaëlle, aliyezaliwa hapa na anayejibu kila Kiswahili kwa Kiingereza, aliwahi kumwambia kwamba hizo namba zake ni laiki za wazee. Évariste alimwambia aende kuosha vyombo.

Jumatatu ya wiki ile ya usaili, namba ilisimama pale pale, sitini na tatu, lakini chini yake kulikuwa na barua pepe.

"Shikamoo Daktari," barua ilianza. "Mimi naitwa Mwadini, mwanafunzi wa uzamivu hapa Dar es Salaam, kwetu ni Pemba. Nimesoma kwamba umetokea Lubumbashi, nikaona nikuandikie kwa lugha tunayoelewana. Daktari, kwa miezi kumi na minne nimefuata makala yako hatua kwa hatua. Nywele zangu hazishiki kitu cha maana. Nimebadilisha maji, nimebadilisha chupa, nimebadilisha hata kinyozi. Msimamizi wangu amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo nitafute mada nyingine nianze upya. Nimefika mahali nadhani tatizo ni mikono yangu. Kwa heshima zote, naomba uniambie ninakosea wapi."

Évariste alitabasamu kidogo, kama mtu mzima anavyomtabasamia kijana. Kisha akaacha kutabasamu. Ilimjia kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akihesabu waliomtaja bila kusoma hata mara moja wanasema nini.

Siku ile hakufanya kazi nyingine. Alizifungua makala zote sitini na tatu, moja baada ya nyingine. Katika tatu, aliyemtaja alikuwa yeye mwenyewe. Tisa zilimtaja kwa heshima, na ilionekana wazi kwamba waandishi hawakuvuka kichwa cha makala. Zilizobaki, hamsini na moja, zilisema jambo lile lile kwa adabu tofauti tofauti. Hatukuweza kupata matokeo ya Kyoni. Kinyume na Kyoni. Mmoja wa Poland, ambaye labda alikuwa na siku mbaya, aliandika kwamba matokeo ya Kyoni yanashangaza sana. Kumbe alikuwa maarufu kama shimo la barabarani: kila dereva analijua, na kila dereva anamwonya mwenzake.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakuwa mwongo. Alijua alichokiona kwenye chupa zake, na alikiona zaidi ya mara arobaini.

Jumanne mchana alishindwa kukaa ofisini. Akaingia saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja karibu na dirisha, na Victorine akamwacha, kwa kuwa alikuwa na kichwa cha Mama Sagesse mikononi. Mama Sagesse anauza vitenge mjini na ni mteja wa tangu siku saluni inafunguliwa. Victorine amevaa glavu, anampaka dawa nyeupe ya kulainisha nywele, anaivuta kwa kitana kutoka shinani hadi nchani.

"Inachoma, Mama Gaëlle!" Mama Sagesse alilalamika.

"Vumilia dakika mbili. Urembo haikuye bure."

Harufu ya dawa ikamfikia Évariste dirishani. Alikuwa ameinusa kwa miaka, kwenye nguo za mkewe, kwenye mto wa kulalia. Siku hiyo tu ndipo pua ya mkemia ilipoamka. Alisimama, akachukua kopo, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Kostiki. Ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia bomba.

"Mama Gaëlle," alisema polepole, "hii unapakaka bantu wangapi?"

"Leo? Paka huyu mmoja tu. Siku ya mingi ni Jumamosi."

"Juu ya nini Jumamosi?"

Wanawake wawili wakatazamana kwenye kioo, wakaangua kicheko.

"Juu kesho yake ni Jumapili!" alisema Victorine. "Papa Gaëlle, weye unasaliaka wapi? Hauonake banamuke kanisani, vichwa vinang'aa?"

"Na ukimaliza kupaka?"

"Minasukula, minakausha, minakata ncha."

"Na zile ncha?"

"Zinaanguka chini. Weye njo unaziokotaka na ule mufuko yako."

Évariste akaketi tena. Kopo lilikuwa bado mkononi.

"Mbona haukuniambia?"

"Haukuniulizaka!" Victorine alisimama wima, kitana hewani. "Unaingia hapa na kiberiti yako, unachoma-choma mèches, hausalimie hata bantu muzuri. Miye minasema, docta anajua kazi yake. Ulinisomeaka hata siku moja ile makaratasi? Iko na Kiingereza, unaifungaka ku sanduku."

Alisema kweli. Alikuwa amekwenda kufanya utafiti ndani ya nyumba ya msusi, akamuuliza kila mtu isipokuwa msusi. Na alikuwa amechagua siku yenyewe, katika siku zote saba, ambayo wanawake wa kanisa zima hupaka kostiki kichwani ili Jumapili wang'ae. Angekuja Jumanne angezoa nywele za wanaume walionyolewa kwenye kiti cha kona, na hadithi yote ingekuwa nyingine. Ndipo akakumbuka barua ya kijana. Nimebadilisha hata kinyozi. Mwadini alikuwa akikusanya nywele kwa vinyozi, nywele za wanaume, ambazo dawa pekee iliyozigusa ni maji.

"Kumbe, donc," aliuliza Mama Sagesse, kichwa cheupe kama amemwagiwa unga, "ile yote banasomaka kule Ulaya, ni kichwa yangu?"

"Ni kichwa yako, mama," alisema Évariste.

"Basi baniandikie asante."

Jumatano asubuhi alipanga chupa mbili mezani maabara. Zote mbili alizitia maji yenye shaba, ya bluu nzuri. Katika moja aliweka nywele za kiti cha kona, alizozoa jana yake mbele ya macho ya mkewe. Katika nyingine aliweka nywele za Jumamosi, zilizobaki kwenye mfuko. Akaziacha zikitikiswa na mashine, akaenda kula, na sandwichi ikamshinda. Aliporudi, chupa ya kiti cha kona ilikuwa bluu vile vile, kana kwamba nywele ziliingia kuoga tu. Chupa ya Jumamosi ilikuwa imepauka karibu kama maji ya bomba. Kostiki ilikuwa imefungua magamba ya nje ya kila unywele, na shaba ikapata pa kuingia.

Alifurahi. Hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli: kwa dakika kama tano alifurahi kuliko siku yoyote ya miaka sita ile, akiwa peke yake na chupa mbili. Jambo lilikuwa la kweli na sasa alijua sababu yake. Kisha akakumbuka kwamba kesho ni Alhamisi. Karatasi yake ya maombi, mstari wa kwanza kabisa, ilisema: makala iliyotajwa mara sitini na tatu.

Jioni, wakati wa bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, alimweleza Victorine yote. Victorine alisikiliza bila kutafuna.

"Kesho usiseme," alisema. "Ingia, jibu, pata kazi. Ijumaa utaandika hiyo barua ya kujisema. Ni siku moja tu, Papa Gaëlle. Nani anakufa kwa siku moja?"

Évariste hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria hilo kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, kutoka mjini hadi nyumbani, na kila mara lilionekana jambo la busara. Alinyoosha shati, akapanga majibu, akalala.

Usaili ulikuwa na watu watano na chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Mwenyekiti alikuwa Profesa Tshivhase, mama mwenye miwani anayoiweka zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Akaeleza masomo anayofundisha, akaeleza wanafunzi wake, wakatikisa vichwa. Kisha Profesa akateremsha miwani.

"Dokta Kyoni, hii makala ya nywele. Sitini na tatu. Katika idara hii ni wachache wenye makala ya namna hiyo. Tueleze, kwa maneno yako, imechangia nini?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, lilikuwa na dakika mbili na lilimalizika vizuri. Alifungua mdomo alitoe, na kilichomjia ni kijana wa Pemba, ambaye hata sura yake haijui, ameketi na chupa yake ya bluu akiitazama mikono yake mwenyewe. Miezi kumi na minne. Leo kijana ana siku moja pungufu, na siku hiyo Évariste alikuwa karibu kuitumia kujipatia kazi.

"Sentensi moja katika ukurasa wa pili si ya kweli," alisema.

Akawaeleza. Saluni, mfuko wa unga, kiberiti, Jumamosi, kostiki, Mama Sagesse. Akawaambia kwamba kati ya hao sitini na tatu, hamsini na mmoja walijaribu wakashindwa, na walishindwa kwa sababu yeye hakuuliza swali moja nyumbani kwake. Alipomaliza, mzee mmoja pembeni aliweka kalamu chini.

"Umelijua hili lini?"

"Jana, baada ya chakula cha mchana."

"Ungeweza kutuambia kesho."

"Ndiyo," alisema Évariste. "Hata mke wangu alisema hivyo."

Walicheka wote watano, na hawakucheka kwa ubaya. Lakini kicheko si kura, na Évariste alilijua hilo alipokuwa akifunga mlango nyuma yake. Nje, kwenye ngazi, kabla ya kulegeza tai, aliandika kwa simu: "Mwadini, marahaba. Mikono yako haina kosa lolote. Kosa ni langu, na nitalitangaza. Achana na vinyozi. Nenda kwenye saluni ya wanawake wiki ya harusi, omba zile ncha zinazokatwa baada ya dawa, na usiondoke kabla ya kumuuliza mwenye saluni amepaka nini."

Nafasi alipewa mama mmoja kutoka Durban, mwenye makala kumi na nne na ndani yake hakuna unywele hata mmoja. Évariste alipewa mkataba wa mwaka mwingine. Chini ya barua Profesa Tshivhase alikuwa ameongeza kwa mkono: "Andika hayo marekebisho haraka. Nayasubiri." Évariste aliisoma barua ndani ya teksi, akaikunja, akatazama nje mpaka mtaa wa Turffontein ukapita. Ilimuuma. Hakuna haja ya kulipamba.

Victorine alikasirika siku mbili. Hakugomba, ukali wote ulihamia kwenye vifuniko vya sufuria. Siku ya tatu Évariste alipopita saluni alikuta mifuko ya unga minne imepangwa ukutani, kila mmoja una kipande cha karatasi, na Victorine anaandika kwenye daftari la Gaëlle la hesabu.

"Hii ni ya dakika nane," alisema bila kuinua kichwa. "Hii kumi na mbili. Hii kumi na tano. Hii ya kona, ya banaume, bila dawa. Ukipitisha kumi na tano inakatika, haifae. Minazani ya kumi na mbili njo itashika zaidi."

"Umejuaje?"

"Papa Gaëlle, miaka kumi na moja miye niko ndani ya hizi nywele."

Ilikuwa ya kumi na mbili. Alipima mara sita, na kila mara ilikuwa ya kumi na mbili. Marekebisho yakazidi kuwa marekebisho tu, yakawa makala mpya, na ilipofika saa ya kuandika majina ya waandishi, Victorine alikuja kusimama nyuma ya kiti chake huku anajipangusa mikono.

"Jina ya kwanza iko ya nani?"

"Ya ule alikuwa anajua," alisema Évariste, akaandika: Victorine Kisimba. Lake akaliweka la pili. Mwishoni, kwenye shukrani, waliwashukuru wateja wa Jumamosi, na Mama Sagesse, aliyesomewa kipande hicho saluni, alidai arudiwe mara tatu.

Makala ilitoka Machi. Ile ya zamani iliendelea kukaa na sitini na tatu zake, ikiwa na alama kwamba imesahihishwa. Mpya ilikaa na sifuri. Sifuri Aprili, sifuri Mei, sifuri majira ya baridi yote. Évariste aliacha kufungua simu kabla ya soksi. Alivaa soksi, akanywa chai, akaenda kazini kama watu.

Aliyeianza tabia ile sasa ni Victorine. Asubuhi moja ya Septemba alimtikisa bega.

"Papa Gaëlle. Amka. Iko moja."

"Moja nini?"

"Moja! Namba yetu. Ni ule mutoto wa Pemba, Mwadini."

Évariste aliketi, akapapasa miwani, hakuiona. "Soma. Anasema tumekosea?"

Victorine aliisogeza simu karibu na uso. Kiingereza cha vitabu si chake, kwa hiyo alikwenda taratibu, kidole kwenye kioo, akigeuza neno moja moja kwa Kiswahili.

"'Kwa kufuata njia ya Kisimba na Kyoni,'" alisoma, "'tulipata matokeo yale yale.'"

Mara sitini na tatu dunia ilikuwa imemtaja Évariste, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika hivyo. Aliacha kutafuta miwani, maana hata angeivaa asingeona vizuri.

"Rudia," alisema.

Victorine akarudia, kuanzia kwenye jina lake.